Kadi ya mkopo Marekani: mwongozo kwa aliyehamia karibuni

Ukifika Marekani kutoka Mwanza, Mombasa, Bukavu au kambi ya Nyarugusu, unafika huna deni na huna rekodi. Nyumbani mtu asiyedaiwa na yeyote ni mtu wa kuaminiwa. Huku mfumo haumtambui. Mwenye nyumba anataka kuona rekodi yako ya madeni kabla hajakupa funguo, kampuni ya simu inadai amana, muuza magari anakukopesha kwa riba ya kutisha, na katika majimbo mengi hata bei ya bima ya gari hupangwa kwa kuangalia jinsi unavyolipa madeni. California, Massachusetts na Hawaii zimekataza jambo hilo kwa bima za magari. Kwingineko kwingi linaendelea.

Kadi ya mkopo ndiyo njia fupi ya kujenga rekodi hiyo, na pia ndiyo njia fupi ya kuiharibu. Msimamo wangu ni huu, na kila hatua iliyo hapa chini inautegemea: lipia kwa kadi vitu ambavyo fedha yake tayari unayo benki. Siku utakapoanza kuihesabu kadi kama sehemu ya mshahara, hasa kwa michango na pesa za kutuma nyumbani, hesabu zote zinakugeukia.

Hatua ya kwanza: fahamu nani anaandika, na anaandika nini

Kuna kampuni tatu binafsi zinazohifadhi rekodi za madeni ya watu: Equifax, Experian na TransUnion. Benki hupeleka taarifa zako huko, kwa kawaida mara moja kwa mwezi. Mkenya ataelewa haraka akikumbuka CRB, kampuni za kule zinazohifadhi taarifa za mikopo, ila Kenya wengi huisikia CRB pale tu mkopo wa simu unapochelewa. Huku kila mwezi uliolipa vizuri nao unaandikwa, na huo ndio unaoutafuta. Fikiria daftari la madeni la duka la Mangi, ila lisomwe na maduka yote ya mji.

Kutokana na rekodi hiyo hukokotolewa alama. Zinazotumiwa sana na wakopeshaji ni za kampuni ya FICO, kuanzia 300 hadi 850. Kulipa kwa wakati kunabeba asilimia 35. Kiasi unachodaiwa, hasa kikilinganishwa na kikomo cha kadi, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa, asilimia 30. Umri wa akaunti zako asilimia 15, maombi mapya ya mkopo 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo 10. Mshahara haumo. Uraia haumo. Salio lako la benki halimo, wala ile kadi ya kawaida ya benki inayokata pesa zako mwenyewe haijengi chochote hapo, hata ukiitumia miaka kumi. Ili FICO ikupe alama kwa mara ya kwanza, unahitaji angalau akaunti moja ya mkopo iliyofikisha miezi sita. Kwa hiyo mtu akikuahidi alama 750 wiki mbili baada ya kushuka kwenye ndege, mwache aongee peke yake.

Mkopo uliolipa vizuri nyumbani, uwe wa benki, wa SACCOS au wa simu, kwa kawaida haukufuati huku. Unaanza upya.

Wakimbizi waliopewa makazi wana jambo moja ambalo wengine hawana. Tiketi ya ndege iliyopangwa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ni mkopo usio na riba, na malipo yake huanza miezi sita baada ya kufika, kupitia shirika lililokupokea. Malipo hayo huripotiwa kwenye kampuni za rekodi. Ni rahisi kuliona deni hilo kama kero, ukalilipa likikumbukwa. Kumbe ndiyo mstari wa kwanza kabisa kuandikwa chini ya jina lako. Lipa hilo kila mwezi bila kukosa, kabla hujafikiria kadi yoyote.

Hatua ya pili: jina moja, tarehe moja

Benki nyingi zitaomba namba ya Social Security. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 haipati mpaka apate kazi inayoruhusiwa, na wapo wengine wasiostahili kuipata kabisa. Hao wanaweza kuomba ITIN, namba ya mlipakodi, kutoka mamlaka ya kodi, IRS, kwa fomu W-7. Baadhi ya benki hupokea ITIN, na chache hupokea hata pasipoti tu, kwa hiyo uliza kabla ya kujaza fomu.

Suala la majina linastahili uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Fomu ya Kimarekani inataka la kwanza na la mwisho. Leo unaandika Juma Salum, kesho Juma Hamisi, keshokutwa karani anaunganisha yote matatu, na rekodi yako inagawanyika au inaingia kwenye faili la mtu mwingine. Hatari ni kubwa zaidi kwa wale ambao karatasi zao za ukimbizi zimeandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa wamo wengi wenye tarehe hiyo hiyo na majina yanayofanana. Chagua mpangilio mmoja, ule ulio kwenye kadi yako ya Social Security, na uutumie benki, kwenye mkataba wa nyumba, bili ya umeme na leseni ya udereva. Herufi kwa herufi.

Hatua ya tatu: chagua kadi ya kwanza, na usitarajie iwe nzuri

Matangazo ya pointi za ndege na zawadi za dola mia kadhaa ni ya watu wenye rekodi. Wewe njia zako ni tatu.

Ya kwanza ni kadi ya amana, ambayo benki huiandika "secured". Unaweka amana, mara nyingi kuanzia dola 200, na kikomo cha kadi kinakuwa sawa na hiyo amana. Amana si malipo ya kadi. Inakaa pembeni kama dhamana, na unarudishiwa unapopandishwa kwenda kadi ya mkopo isiyo na amana au unapofunga akaunti bila deni. Hakikisha mambo mawili: kwamba kadi hiyo haina ada ya mwaka, maana zipo nyingi zisizo nayo, na kwamba benki inaripoti kwa kampuni zote tatu. Kadi isiyoripotiwa haikusaidii chochote.

Njia ya pili ni credit union, ambayo kwa mtu wa Afrika Mashariki haihitaji maelezo marefu: ni SACCOS. Wanachama ndio wenye mali. Zile zilizosajiliwa na serikali kuu haziruhusiwi kutoza riba inayozidi asilimia 18 kwa mwaka, ilhali kadi nyingi za benki za kibiashara zimevuka asilimia 20 na kadi za maduka hupita 30. Akiba yako inalindwa na bima ya NCUA, wakala wa serikali kuu unaosimamia credit union, hadi dola 250,000. Nyingine zina kadi maalumu kwa wageni wasio na rekodi, na unaweza kukaa na mtu ana kwa ana akakueleza. Kama ningelazimika kumpa mgeni ushauri mmoja tu kuhusu mahali pa kuanzia, ningemwelekeza kwenye credit union ya mtaani kwake.

Ya tatu ni ndugu kukuongeza kwenye kadi yake. Shemeji au mjomba aliyekaa huku miaka mingi, mwenye kadi ya zamani isiyo na deni, anaweza kukuandikisha kama mtumiaji, na mara nyingi historia ya kadi hiyo huonekana kwenye rekodi yako. Hata si lazima akukabidhi kadi yenyewe. Lakini akichelewa kulipa, nawe unaweza kuchafuka, na wewe ukitumia ovyo, deni ni lake kisheria. Jambo hili lizungumzwe wazi mezani kabla ya kuandikishana, maana aibu ya kifamilia huja baadaye.

Vipi kuhusu kadi za maduka, zile anazokushawishi keshia kwa punguzo la asilimia 20 la leo? Zikatae. Hasa zile zinazosema hakuna riba kwa miezi 12 ukimaliza deni lote. Soma neno "lote" vizuri: ukibakiza hata dola 40 mwezi wa kumi na mbili, riba ya mwaka mzima, tangu siku uliyonunua sofa, inaweza kurudishwa yote kwa mkupuo.

Kwa kadi yoyote, sheria inalazimisha jedwali linaloonyesha riba na ada zote. Riba ya mwaka imeandikwa APR. Angalia ya manunuzi, kisha shuka uangalie ya kutoa fedha taslimu, ada ya mwaka, ada ya kuchelewa na ada ya miamala ya nje ya nchi. Jedwali hilo ni dakika tano za kusoma.

Hatua ya nne: omba mara moja, useme kweli

Benki nyingi zina ukurasa wa kupima kama utakubaliwa, na kipimo hicho hakigusi alama zako. Anza hapo. Ombi kamili huacha kumbukumbu ya ukaguzi inayokaa kwenye rekodi miaka miwili, na maombi matano ndani ya mwezi mmoja yanakufanya uonekane mtu aliyekwama. Ukikataliwa, benki lazima ikueleze sababu kwa maandishi. Isubiri barua, uirekebishe sababu, kisha ndipo uombe tena.

Kipato kiandike kilivyo. Mwenye miaka 21 au zaidi anaweza kuhesabu kipato cha mwenza ikiwa ana haki ya kukitumia. Aliye chini ya 21 lazima aonyeshe kipato chake mwenyewe au awe na mdhamini. Kudanganya kipato kwenye fomu ya benki ni kosa la jinai la serikali kuu, na kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado zinashughulikiwa, hilo si jambo la kuchezea.

Hatua ya tano: tarehe mbili za kukariri

Hapa ndipo wengi huteleza, na si kwa uzembe, hakuna aliyewaeleza.

Tarehe ya kwanza ni siku benki inapofunga hesabu ya mwezi na kuandika taarifa yako. Ya pili ni siku ya mwisho ya kulipa. Kwa sheria ya mwaka 2009 inayoitwa CARD Act, taarifa lazima itumwe angalau siku 21 kabla ya siku ya mwisho ya kulipa, na siku hiyo lazima iwe tarehe ile ile kila mwezi. Tuseme hesabu yako inafungwa tarehe 3 na mwisho wa kulipa ni tarehe 28. Ukilipa salio lote la taarifa kabla ya tarehe 28, hutozwi riba hata senti kwa ulichonunua. Ukiacha sehemu ya deni ivuke, msamaha huo unaondoka, na hata maziwa utakayonunua kesho yataanza kuhesabiwa riba tangu siku hiyo ya kesho.

Sasa tarehe ya kufunga hesabu. Kwa kawaida, salio la siku hiyo ndilo linalopelekwa kwenye kampuni za rekodi. Ukiwa na kikomo cha dola 200 na umenunua vyakula vya dola 180, rekodi itaonyesha kwamba umekula asilimia 90 ya kikomo chako, hata kama utalipa yote wiki mbili baadaye bila riba. Alama zinashuka. Dawa yake ni kulipa sehemu kubwa siku mbili tatu kabla ya kufunga hesabu, ili kinachoandikwa kiwe kidogo: chini ya asilimia 30 ya kikomo, na chini ya 10 ni bora zaidi. Si sifuri kila mwezi. Acha dola kumi au ishirini zionekane, kisha zilipe baada ya taarifa kutoka.

Kuna uvumi unaozunguka sana kwenye mikusanyiko yetu, kwamba lazima ubebe deni kidogo mwezi hadi mwezi na kulipa riba ili alama zipande. Si kweli. Riba unayolipa haiandikwi popote kama sifa yako.

Halafu kuna kile kiwango cha chini kinachoandikwa kwenye taarifa, dola 25 au 35. Hicho kinakuepusha na adhabu ya kuchelewa tu. Chukua deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24. Ukilipa dola 35 kila mwezi bila kununua kitu kingine, utamaliza baada ya miezi 43 hivi, na utakuwa umelipa karibu dola 500 za riba. Ukilipa 100 kwa mwezi, unamaliza ndani ya mwaka na riba inakuwa kama dola 127. Taarifa yako ya mwezi inalazimika kisheria kuonyesha hesabu ya namna hii kwa deni lako halisi, kwenye kisanduku kidogo ambacho watu hukiruka. Kisome.

Kwa vitendo, mwezi wa kwanza weka kwenye kadi bili moja au mbili unazozijua kiasi chake: simu, mafuta ya gari, tiketi ya basi. Ingia kwenye programu ya benki, uagize salio lote la taarifa likatwe lenyewe kwenye akaunti yako kila mwezi. Chagua salio lote, kwa sababu mara nyingi fomu hukupendekezea kiwango cha chini. Kisha hakikisha mshahara unaingia kabla ya siku hiyo. Kama hauingii, pigia benki simu uombe wakuhamishie tarehe. Wengi hukubali.

Ukichelewa siku tatu utatozwa adhabu, na mara ya kwanza ukipiga simu kwa adabu unaweza kusamehewa. Kuchelewa kukifika siku 30 ndipo taarifa hupelekwa kwenye kampuni za rekodi, na doa hilo hukaa miaka saba.

Kwa Waislamu, suala la riba halimalizwi na hesabu. Wapo wanaotumia kadi kwa sharti la kulipa salio lote kabla ya tarehe ili riba isiwahi kutozwa, na wapo wanaoona kusaini mkataba wenye kifungu cha riba kwenyewe ni tatizo. Muulize shekhe unayemwamini. Aliyeamua kutotumia kadi bado anaweza kupeleka historia ya kodi ya nyumba kwenye rekodi, kupitia mwenye nyumba au huduma zinazoripoti malipo hayo, ingawa si wakopeshaji wote wanaoihesabu.

Hatua ya sita: michango na pesa za nyumbani zikae mbali na kadi

Simu imeingia usiku: mama mdogo amelazwa, wanadai amana ya hospitali. Mshahara bado siku sita. Kadi ina nafasi ya dola 400. Unafungua programu ya kutuma pesa, unaweka namba ya kadi ya mkopo, dakika tatu pesa iko M-Pesa. Umeokoa jambo, na hakuna anayeweza kukulaumu.

Lakini jua bei yake. Benki nyingi huchukulia muamala huo kama kutoa fedha taslimu kwa kadi, kile wanachokiandika "cash advance". Ada yake ya kawaida ni asilimia 5 au dola 10, yoyote iliyo kubwa. Riba yake mara nyingi iko juu kuliko ya manunuzi, karibu asilimia 30, na inaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo bila msamaha wa siku 21. Kwa dola 300: ada dola 15, riba ya mwezi mmoja dola 7.50. Hapo bado ada ya kampuni ya kutuma. Mara moja kwa dharura unaweza kuvumilia. Kwa wale wanaofanya hivi kila mwezi, na harusi ikifuata msiba na msiba ukifuata ada ya shule, deni la kadi linakuwa la kudumu, na kule nyumbani hakuna anayejua kwamba mchango wa dola 100 ulikugharimu zaidi ya hapo.

Njia bora ni ya kuchosha kidogo. Fungua akaunti ya akiba ya pembeni na kila mshahara ukiingia kata kiasi kinachojulikana, hata dola 40. Hicho ndicho cha michango na dharura za nyumbani, na kikiisha kimeisha. Tuma kwa kadi ya kawaida ya benki au moja kwa moja kutoka akaunti. Tangu tarehe 1 Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje ya nchi zikilipiwa kwa fedha taslimu mkononi au hundi za aina ya money order. Ukitumia akaunti ya benki ya Marekani au kadi iliyotolewa Marekani, kodi hiyo haikuhusu. Sababu nyingine ya kuacha kwenda dirishani na bahasha.

Upatu na kikoba navyo visilipwe kwa kadi ya mkopo. Programu ya kutuma pesa ya Cash App, kwa mfano, hutoza asilimia 3 ukitumia kadi hiyo. Kwenye upatu wa watu kumi, ukichanga dola 200 kila zamu, mzunguko ukiisha umepoteza hadi dola 60.

Na ndugu wakikuuliza kama una kadi, huna haja ya kutangaza kikomo chake. Kwao kikomo cha dola 3,000 kinasikika kama dola 3,000.

Hatua ya saba: linda kadi na jina lako

Hapa kadi ya mkopo ina faida ambayo kadi ya kawaida ya benki haina. Mwizi akiitumia, sheria inaweka mwisho wa hasara yako kwenye dola 50, na benki nyingi hazikudai hata hizo. Kwa kadi ya kawaida, ni dola 50 ukiripoti ndani ya siku mbili za kazi, inaweza kufika 500 ukichelewa zaidi, na ukipitisha siku 60 baada ya kutumiwa taarifa unaweza kupoteza zote zilizoibwa baadaye. Tena hizo ni pesa zako, zimeshatoka, wakati kodi ya nyumba inasubiri. Kwa hiyo kwenye pampu za mafuta, ambako wezi hubandika vifaa vya kunakili kadi, na kwenye maduka ya mtandaoni usiyoyajua, tumia kadi ya mkopo.

Ukiona kosa kwenye taarifa, una siku 60 tangu taarifa hiyo itumwe kuandika barua kwa benki. Simu inasaidia, lakini haki ya kisheria inalindwa na maandishi. Benki lazima ithibitishe kupokea ndani ya siku 30 na imalize uchunguzi ndani ya vipindi viwili vya hesabu, visivyozidi siku 90. Kiasi kinachobishaniwa hulazimiki kukilipa wakati huo.

Soma rekodi yako kwenye annualcreditreport.com, tovuti iliyowekwa kwa mujibu wa sheria. Ni bure, hata kila wiki. Tafuta hasa majina yaliyokosewa na akaunti usizozijua, kwa sababu ile niliyoeleza kuhusu tarehe 1 Januari. Kama huna mpango wa kukopa hivi karibuni, zuia rekodi yako isisomwe na wakopeshaji wapya, kwa kampuni zote tatu. Tangu 2018 ni bure, na mtu mwingine akijaribu kufungua akaunti kwa jina lako anagonga ukuta.

Halafu kuna matapeli wanaoongea lugha yetu. Mmoja atakuuzia namba ya tarakimu tisa ya kuanzia upya, aiite CPN. Namba hizo mara nyingi zimeibwa kwa watoto au wazee, na kuiandika kwenye ombi la mkopo ni kosa la jinai kwako wewe uliyenunua. Mwingine anasafisha rekodi kwa malipo ya mbele. Sheria inamkataza kuchukua pesa kabla ya kazi kufanyika. Na hakuna afisa wa benki anayehitaji umsomee namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako. Wizi huu tunaujua tangu nyumbani, wale wa "tuma kwenye namba hii". Umebadilisha mavazi tu.

Hatua ya nane: ukisafiri kwenda nyumbani

Kadi nyingi hutoza karibu asilimia 3 kwa kila muamala wa nje. Zipo zisizotoza, na ukiipata moja inafaa kuwa kadi ya safari. Visa na Mastercard zinapokelewa Dar es Salaam na Nairobi kwenye hoteli na maduka makubwa. American Express utahangaika nayo. Mashine ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua shilingi, kwa sababu ukichagua dola mashine inakubadilishia kwa kiwango chake chenye faida ndani. Usitoe noti kwenye ATM kwa kadi ya mkopo. Hiyo ni ile ile ada ya asilimia 5. Sokoni, daladala na kwa fundi, jaza M-Pesa au Airtel Money na uendelee na safari.

Deni likishakuzidi

Piga simu benki kabla ya kukosa malipo ya kwanza, uulize kama wana mpango wa wateja waliopata shida. Wengi wanao, hawautangazi. Kama kadi ni nyingi, tafuta mshauri wa madeni asiye wa kibiashara, hasa aliye chini ya NFCC, mtandao wa kitaifa wa washauri hao. Anaweza kukuunganishia malipo yote kuwa moja na kuomba riba ipunguzwe. Kampuni zinazokwambia uache kulipa ili wao wajadiliane na benki ziepuke. Ukishindwa kuongea Kiingereza cha simu, omba mkalimani wa Kiswahili. Benki kubwa nyingi hutumia huduma za ukalimani kwa simu, na usimtumie mtoto wa miaka kumi na mbili kutafsiri deni la baba yake.

Unapoondoka

Kama unahamia Kanada, Uingereza au unarudi nyumbani moja kwa moja, alama zako hazivuki mpaka. Deni nalo halifutwi na ndege: litauzwa kwa wakusanya madeni, na rekodi itakusubiri. Lipa yote, subiri taarifa moja zaidi itoke, maana riba ya siku chache za mwisho mara nyingi huchomoza baada ya wewe kudhani umemaliza. Hamisha bili zilizounganishwa na kadi. Funga kadi zenye ada ya mwaka. Ile ya zamani isiyo na ada iache wazi ikiwa una anwani ya ndugu unayemwamini, na uitumie mara moja moja ili benki isiifunge kwa kukaa kimya. Akaunti iliyofungwa bila doa inaweza kubaki kwenye rekodi hadi miaka kumi. Weka nakala ya taarifa ya mwisho inayoonyesha salio sifuri, pamoja na barua ya kufungwa kwa kila kadi.